Jani Jekundu la Myombo: Vimeng'enya, Rangi na Dhiki ya Nuru katika Kiswahili

1. Utangulizi

Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, vilima vya Mikumi na Kilosa hubadilika sura. Nyasi za uwanda wa Mkata huwa zimekwisha kukauka, na mvua za vuli bado hazijaanza. Hata hivyo miyombo iliyopukutisha majani wakati wa kiangazi huchipua upya, na majani yanayochipua si ya kijani. Baadhi huwa mekundu, baadhi ya rangi ya shaba, na mengine huelekea damu ya mzee. Msafiri apitaye barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa, au ashikaye njia ya Mikumi hadi Kilosa, huweza kudhani kuwa msitu umeunguzwa na moto au umepatwa na ugonjwa. Baada ya wiki chache wekundu huo hufifia, na kijani hutwaa mahali pake.

Jambo hili huzua maswali ya namna mbili. Swali la kwanza ni la elimu ya viumbe: kwa nini mti uanze na wekundu ilhali kijani ndicho kinachoulisha? Swali la pili ni la lugha: Kiswahili kinayo maneno ya kutosha kulieleza jambo hilo kwa usahihi, na maneno yaliyopo yanamsaidia au yanampotosha anayejifunza? Mhadhara huu unakusudia kuyajibu maswali hayo kwa pamoja, kwa kuwa jibu la moja hutegemea jibu la jingine. Anayetaka kueleza kazi ya vimeng'enya katika kutengeneza rangi za mimea na kuzilinda dhidi ya jua kali hana budi kukabili istilahi tatu zenye matatizo: rangi, kimeng'enya na dhiki.

2. Jani na kijani

Miongoni mwa majina ya rangi katika Kiswahili, matatu tu ni vivumishi vinavyopokea viambishi vya upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa kitambaa cheupe, jani jekundu, udongo mweusi. Rangi nyingine hutajwa kwa kuzifananisha na vitu: manjano ni rangi ya bizari ya manjano, kahawia ni rangi ya kahawa, zambarau ni rangi ya tunda. Hali hii inalingana na maelezo ya Berlin na Kay katika utafiti wao wa mwaka 1969 kuhusu majina ya msingi ya rangi katika lugha mbalimbali. Kwa mujibu wa watafiti hao, lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa na jina la weupe, la weusi na la wekundu.

Kijani kimo katika kundi la pili. Neno lenyewe ni jani lililopewa kiambishi ki-, na msemo kijani kibichi huongeza dhana ya ubichi, yaani hali ya kuwa hai na yenye maji. Hivyo kwa Mswahili rangi hii haitengani na jani: jani ndilo kipimo cha kijani. Kutokana na hilo, kusema jani jekundu ni kusema jambo lenye mvutano ndani yake, na pengine ndiyo sababu msitu mwekundu wa Oktoba huonekana kama msitu uliodhurika.

Wagiriki nao walilihusisha jani na kijani. Wakemia wa Kifaransa Pelletier na Caventou walipokipa jina kitu kinachoyafanya majani yawe ya kijani, katika muongo wa pili wa karne ya 19, waliunganisha maneno mawili ya Kigiriki: moja lenye maana ya kijani kilichofifia na jingine lenye maana ya jani. Ndiyo asili ya neno klorofili. Istilahi ya Kiswahili umbijani imejengwa vilevile juu ya jani. Aliyeiunda hakuhitaji kwenda mbali, kwa kuwa njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa na lugha yenyewe.

Majina ya mahali nayo huonyesha jinsi wenyeji wa eneo hili walivyozoea kuitazama mimea. Jina Mikumi huelezwa kuwa ni jina la mitende ya porini ambayo katika Kiswahili Sanifu huitwa mivumo. Jina miombo, ambalo leo hutumiwa na wanasayansi wa dunia nzima kwa misitu inayoanzia Angola hadi Tanzania na Msumbiji, ni wingi wa jina la Kibantu la mti mmoja tu, myombo. Kwa istilahi hii, wataalamu wa misitu ndio waliokopa kutoka katika lugha zetu.

3. Kimeng'enya na mipaka ya jina lake

Kimeng'enya ni molekuli, kwa kawaida protini, inayoharakisha badiliko la kikemia ndani ya kiumbe hai bila yenyewe kutumika ikaisha. Badiliko ambalo lingechukua muda mrefu mno, au lisingetokea kabisa katika joto la kawaida la jani, hutokea mara nyingi kwa sekunde moja mbele ya kimeng'enya chake. Kila kimeng'enya huwa na kazi yake mahsusi. Hutambua molekuli fulani, huishika kwa muda mfupi, huigeuza, kisha huiachia.

Jina la Kiswahili limetokana na kitenzi kumeng'enya, chenye maana ya kuvunjavunja chakula tumboni hadi kifae mwilini. Chaguo hilo lina mantiki yake. Vimeng'enya anavyokutana navyo mwanafunzi kwanza ni vya mate na vya tumbo, na kazi yake huielewa mara moja. Tatizo hujitokeza anaposonga mbele. Akisoma kuwa vimeng'enya hujenga rangi ya ua, huona jambo linalopingana na jina: chombo cha kumeng'enya kinawezaje kujenga? Mwenye akili ya kudadisi ataona kosa, na asiyedadisi ataamini kuwa mmea nao una tumbo.

Hata hivyo tatizo hili si la Kiswahili peke yake. Neno la kimataifa lililoenezwa na Wilhelm Kühne wa Ujerumani katika miaka ya 1870 lina maana ya kitu kilichomo ndani ya hamira, kwa sababu wakati huo uchachukaji ndio uliokuwa mfano mkuu. Kiambishi -asi kinachofunga majina ya vimeng'enya, kama vile katalasi, kimetokana na diastasi, jina ambalo Wafaransa Payen na Persoz walikipa mwaka 1833 kitu kilichogeuza wanga wa shayiri kuwa sukari. Leo hakuna anayedhani kuwa kila kimeng'enya hukaa ndani ya hamira. Jina lilianza na mfano mmoja, likapanuka kadiri maarifa yalivyopanuka. Kiswahili hakidaiwi zaidi ya hapo, ila upanuzi huo sharti ufanywe kwa makusudi, katika kamusi na katika vitabu vya shule.

4. Kijani kinavyojengwa

Ujenzi wa umbijani unafaa kuwa mfano wa kwanza wa kimeng'enya kisichovunja. Kazi huanza na asidi amino iitwayo glutamati, ambayo seli huitumia pia kwa shughuli nyingine nyingi. Vimeng'enya hupokezana kama mafundi katika karakana moja: mmoja hukata, mwingine huunga, mwingine hufunga pete, hadi linapopatikana umbo kubwa la duara. Kimeng'enya kimoja kina kazi ya kutia atomu ya magnesi katikati ya duara hilo. Mmea usiopata magnesi ya kutosha hushindwa kufanya hatua hii, na majani yake hugeuka manjano, yakianzia yale ya chini yaliyokomaa.

Hatua iliyo karibu na mwisho ndiyo yenye ajabu. Katika mimea inayotoa maua, kimeng'enya kinachoigeuza protoklorofilaidi kuwa klorofilaidi hakifanyi kazi gizani. Hukaa na malighafi yake mkononi, kikingojea nuru. Jambo hili huweza kuthibitishwa bila maabara. Mbegu za mahindi zikioteshwa chini ya chungu kilichofunikwa vizuri, miche hurefuka ikiwa dhaifu na ya manjano. Chungu kikifunuliwa, miche huanza kugeuka kijani baada ya saa chache tu. Mmea hauwezi kutengeneza umbijani pasipo nuru, na bila umbijani hauwezi kuitumia nuru hiyo.

Hapo ndipo hatari ilipo. Protoklorofilaidi na umbijani hunyonya nuru hata kabla havijafungwa mahali pake ndani ya protini za kloroplasti. Umbijani uliokwisha fungwa huipitisha nishati ya nuru hadi inapohitajika. Ule ambao haujafungwa hauna pa kuipeleka, nao huikabidhi kwa oksijeni iliyo karibu. Oksijeni inayopokea nishati hiyo hugeuka kuwa kali na kuanza kuharibu mafuta ya utando na protini. Kwa hiyo jani changa linalojenga kijani chake chini ya jua kali limo katika hatari kubwa kuliko jani lililokomaa. Ujenzi wa rangi na ulinzi dhidi ya nuru ni kazi mbili zisizotenganishwa.

5. Nuru inapozidi

Mtu husema kuwa mmea hupenda jua, na ni kweli. Lakini jani la miti mingi, saa sita mchana, hupokea nuru nyingi kuliko inayoweza kutumika katika usanisinuru. Ziada hiyo hukua pale maji yanapopungua. Jani hufunga matundu yake ili lisinyauke, kabonidayoksaidi huacha kuingia, na vimeng'enya vinavyotengeneza sukari hukosa malighafi, ilhali umbijani huendelea kunyonya nuru. Hali hii ndiyo inayoitwa hapa dhiki ya nuru.

Ulinzi wa kwanza ni kuigeuza ziada kuwa joto kabla haijadhuru. Kazi hiyo huzihusu rangi za manjano ziitwazo zanthofili, ambazo hukaa jirani na umbijani ingawa kijani huzificha zisionekane. Nuru inapozidi, tindikali huongezeka ndani ya vifuko vya kloroplasti. Tindikali hiyo hukiamsha kimeng'enya kiitwacho violazanthini di-epoksidasi, ambacho kwa msaada wa vitamini C huigeuza violazanthini kuwa zeazanthini. Zeazanthini husaidia kuifanya nishati ya ziada itoke kama joto lisilo na madhara. Badiliko hili huchukua dakika chache. Jua likipungua, kimeng'enya kingine huigeuza zeazanthini kuwa violazanthini tena, ili nishati isipotezwe wakati inapohitajika. Mzunguko huu ulielezwa na Yamamoto na wenzake mwaka 1962, na uhusiano wake na utoaji wa joto ulifafanuliwa zaidi kuanzia mwaka 1987 katika kazi za Barbara Demmig-Adams. Zeazanthini imepata jina lake kutokana na jina la kisayansi la mahindi, kwa kuwa ndiyo mojawapo ya rangi zinazoifanya punje ya mahindi ya njano iwe ya njano.

Ulinzi wa pili hushughulikia madhara yanayokwisha kuanza. Oksijeni kali inapozaliwa ndani ya jani, vimeng'enya huipokea hatua kwa hatua. Superoksidi dismutasi, ambayo McCord na Fridovich waliieleza mwaka 1969, huigeuza superoksidi kuwa peroksidi ya haidrojeni. Kisha askobati peroksidasi na katalasi huigeuza peroksidi hiyo kuwa maji. Hapa jina kimeng'enya linafaa kabisa, maana sumu inavunjwavunjwa hadi isiwe na madhara.

Ulinzi wa tatu ni ukarabati. Ipo protini moja katika mtambo wa usanisinuru, ijulikanayo kama D1, ambayo huharibika mara kwa mara hata katika mwanga wa kawaida. Vimeng'enya huiondoa iliyoharibika na nyingine hutengenezwa ikachukua nafasi yake. Kasi ya uharibifu ikiipita kasi ya ukarabati, uwezo wa jani hushuka, na hali hiyo ikidumu jani hubabuka. Kitenzi kubabuka, kinachotumiwa kwa ngozi iliyounguzwa na moto au jua, kinalieleza jambo hili vizuri kuliko istilahi nyingi za kubuni.

6. Wekundu wa Oktoba

Sasa inawezekana kurudi kwenye jani jekundu la myombo. Rangi yake hutokana na kundi la vitu viitwavyo antosianini. Hujengwa kwa njia tofauti kabisa na ile ya umbijani. Kazi huanzia kwenye asidi amino iitwayo fenilalanini. Kimeng'enya cha kwanza huondoa sehemu yenye naitrojeni. Baada ya hatua kadhaa, kalkoni sintasi huunganisha vipande na kupata kiunzi cha rangi. Vimeng'enya vinavyofuata hukirekebisha kiunzi hicho, na cha mwisho hukifunga pamoja na sukari ili kiweze kuyeyuka katika maji na kuhifadhiwa ndani ya kifuko kikubwa cha seli. Nuru yenyewe ni mojawapo ya mambo yanayoamsha njia hii, na ndiyo sababu upande wa tunda au wa shina la muwa unaotazama jua aghalabu huwa na rangi nzito zaidi.

Uzito wa kalkoni sintasi ulidhihirika mwaka 1990. Watafiti waliokuwa wakishughulikia maua ya petunia waliongeza nakala ya jeni ya kimeng'enya hicho wakitarajia zambarau iliyokolea. Baadhi ya maua yalitoka meupe au yenye mabaka meupe, kwa kuwa mmea ulizinyamazisha nakala zote mbili, ya asili na ya kuongezwa. Kimeng'enya kikikosekana, rangi hukosekana, hata kama malighafi zote zipo.

Je, wekundu huo una faida gani? Maelezo ya kwanza ni kuwa ni kivuli. Antosianini hunyonya hasa mawimbi ya nuru ya kijani na sehemu ya yale ya samawati, na hivyo hupunguza mzigo unaoufikia umbijani ulio chini yake. Katika eneo la Mikumi, lililo takriban nyuzi saba na nusu kusini mwa Ikweta, jua hupita utosini karibu na katikati ya Oktoba. Majani ya miyombo huchipua wakati huohuo, juu ya matawi yasiyo na kivuli, katika ukavu wa mwisho wa kiangazi. Wakati huo umbijani ndio unaanza kujengwa na vimeng'enya vya ulinzi havijakamilika. Kama kuna jani linalohitaji mwavuli, basi ni hilo. Mwaka 2001 Taylor Feild na wenzake, waliochunguza mmea mmoja wa Marekani ambao majani yake hugeuka mekundu kabla ya kupukutika, walionyesha kuwa majani mekundu yaliimudu nuru kali ya samawati kuliko majani yasiyo na wekundu. Nuru nyekundu, ambayo antosianini hainyonyi, iliyadhoofisha yote sawasawa.

Maelezo ya pili yanawahusu wadudu. Wadudu wengi hawaioni nyekundu vizuri, na jani jekundu huweza kuonekana kwao kama jani bovu. Isitoshe, jani laini ambalo bado halijawekewa umbijani na protini nyingi huutia mti hasara ndogo likiliwa. Wataalamu hawajakubaliana ni maelezo yapi yenye uzito zaidi, na si lazima moja liyaondoe mengine. Kwa miyombo, ulinganifu wa majira, jua na ukavu unaipa nguvu hoja ya kivuli. Hata hivyo jaribio lililofanywa juu ya majani yanayokaribia kupukutika huko Marekani halitoshi kuthibitisha kinachotokea katika majani yanayochipua Kilosa.

Wekundu huu hauishii porini. Mwembe ulio uani hutoa majani machanga yenye rangi ya shaba yanayolegea, kisha hunyooka na kugeuka kijani. Anayetaka kuuelewa wekundu wa myombo anaweza kuanzia kwenye mwembe wake.

7. Rangi moja, vitu viwili

Neno rangi katika Kiswahili hubeba maana zaidi ya moja. Ni kile ambacho jicho huona. Ni kitu kinachopakwa ukutani. Katika elimu ya mimea hutumiwa pia kwa molekuli inayosababisha kile kinachoonekana. Katika mazungumzo ya kawaida hapana tabu. Katika sayansi tabu huja upesi, na mifano miwili ya jikoni inatosha kuionyesha.

Maji ya rozela ni mekundu, na maji yaliyochemshiwa mchicha mwekundu nayo ni mekundu. Jicho haliyatenganishi. Lakini rozela ina antosianini, na ikitiwa ndimu hung'aa zaidi, ilhali ikitiwa magadi huacha wekundu na kuelekea samawati au kijani. Mchicha mwekundu una kitu kingine kabisa, betalaini, kinachojengwa na vimeng'enya vingine kutokana na asidi amino nyingine, tairosini. Mpaka sasa haujapatikana mmea wa asili wenye vyote viwili kwa pamoja. Rangi ni moja kwa jicho, na vitu ni viwili kwa kemia.

Kwa sababu hiyo inafaa kutenganisha rangi na kitiarangi, yaani kitu kinachotia rangi. Neno hilo linafuata mtindo wa kuunda maneno ambao Kiswahili kinao tangu zamani, kama katika kifunguakinywa na kipimajoto. Msomaji atakayeambiwa kuwa rozela na mchicha mwekundu vina rangi moja na vitiarangi viwili ataelewa bila maelezo zaidi.

Jina antosianini lenyewe lina funzo. Mjerumani Marquart aliliunda mwaka 1835 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ua na samawati, kwa kuwa alikuwa akishughulika na maua ya samawati. Leo kitu chenye jina la samawati ndicho kinachotumiwa kueleza wekundu wa miyombo, na hakuna anayelalamika. Asili ya jina haimfungi anayelitumia, maadamu fasili imewekwa wazi.

8. Shambani

Katika uwanda wa Kilosa, ambako kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, na katika Ruaha, ambako mashamba ya miwa yameenea kandokando ya mto Ruaha Mkuu, mambo haya yana matokeo katika mfuko wa mkulima.

Mahindi machanga huweza kuonekana na kingo za zambarau. Mara nyingi hiyo ni dalili ya upungufu wa fosforasi, ama mizizi imeshindwa kuifikia fosforasi iliyomo ardhini. Ukuaji hukwama, sukari iliyokwisha kutengenezwa hurundikana katika jani, na nuru inayoingia hukosa matumizi. Mmea hujibu kwa kujenga antosianini. Mkulima akiambiwa kuwa huo ni ugonjwa, atanunua dawa ya ugonjwa, na mimea itabaki ilivyo. Akiambiwa kuwa ni dhiki, atauliza dhiki ya nini, na swali hilo litampeleka kwenye udongo na mizizi.

Muwa nao una somo lake. Mwaka 1965 Kortschak, Hartt na Burr walichapisha matokeo ya utafiti wa Hawaii yaliyoonyesha kuwa muwa huishika kabonidayoksaidi kwa njia tofauti na mimea mingi, na mwaka uliofuata Hatch na Slack wa Australia waliifafanua njia hiyo. Muwa hutumia kimeng'enya cha ziada kinachoikusanya kabonidayoksaidi na kuipeleka ikiwa nyingi mahali sukari inapotengenezwa. Kwa hiyo, wakati mimea mingi imekwisha kuzidiwa na jua la mchana, muwa bado hulitumia. Mahindi yamo katika kundi hilohilo. Mkonge, uliolimwa sana Kilosa, hufuata njia nyingine: hufungua matundu yake usiku na kuhifadhi kabonidayoksaidi hadi mchana. Hivyo mimea inayopigwa na jua moja hutofautiana kwa vimeng'enya vyake, na tofauti hiyo huonekana katika mavuno.

Misitu ya miyombo nayo hukatwa kwa ajili ya mkaa, na Kilosa ni wilaya ambamo mradi wa kuuendesha mkaa kwa njia endelevu katika misitu ya vijiji ulianza mwaka 2012. Uendelevu huo hutegemea visiki kuchipua tena. Machipukizi hayo huzaliwa mahali palipokatwa, penye jua kamili, bila kivuli cha miti mikubwa. Anayefahamu maana ya wekundu wake hatayadhania kuwa yanakufa, wala hataona hasara kuyaacha yakue.

9. Istilahi na anayejifunza

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwa na jukumu la kusanifu istilahi tangu lilipoanzishwa mwaka 1967. Kazi ya kuzaa maneno, kwa hiyo, imefanyika. Kinachobaki ni maneno hayo kutumiwa. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma sayansi kwa Kiswahili. Akiingia sekondari hukutana na Kiingereza, na maneno aliyoyazoea huachwa yangali machanga. Neno lisilotumiwa katika ngazi ya juu halipati nafasi ya kupanua maana yake. Kimeng'enya kimebaki tumboni kwa sababu hakikuruhusiwa kutoka huko.

Kutokana na yaliyoelezwa, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, neno kimeng'enya libaki, lakini fasili yake katika kamusi na vitabu itaje uharakishaji wa mabadiliko ya kikemia, na mifano yake iwe ya kujenga na ya kuvunja pia. Kulibadili sasa kungewachanganya wengi kwa faida ndogo. Pili, rangi itenganishwe na kitiarangi katika maandishi ya kitaalamu. Tatu, dhiki itumiwe kwa hali ya mmea unaozidiwa na nuru, ukame au njaa ya madini. Neno msongo limekwisha kushikamana na mawazo ya binadamu, na mkazo una kazi zake katika fonolojia na fizikia. Dhiki hubeba dhana ya kubanwa na mambo yaliyozidi uwezo, na huacha wazi uwezekano wa kuokoka.

10. Hitimisho

Imeonekana kuwa vimeng'enya vya mmea hufanya kazi mbili zinazoshikana. Hujenga vitiarangi vinavyonasa nuru, na hukilinda kilichojengwa ili nuru hiyohiyo isikibomoe: kwa kuigeuza ziada kuwa joto, kwa kuvunja sumu za oksijeni, kwa kukarabati kilichoharibika, na yamkini kwa kukitandia kivuli chekundu kile ambacho bado ni kichanga. Imeonekana pia kuwa Kiswahili kinaweza kuyaeleza hayo yote. Baadhi ya maneno yalikuwamo tangu zamani, kama kubabuka na kuchipua. Mengine yameundwa, kama umbijani na usanisinuru. Mengine yamekopwa na kuvishwa sauti za Kiswahili. Yote yanahitaji fasili zilizo wazi na watu wa kuyatumia.

Lugha iliyoitaja rangi kwa jani ina msingi wa kutosha wa kueleza jinsi jani linavyoipata rangi hiyo. Mwanafunzi wa Mikumi auonaye msitu mwekundu kila Oktoba anastahili kupata jibu katika lugha ileile aliyoulizia swali.